Neno la Kuazima Mezani kwa Baba

Uppsala, 2 Februari 1997

Şermin mpendwa,

Hujambo? Mama Mdogo hajambo? Mwambie soksi za sufu zilifika, na ninazivaa hata kitandani, maana mwenye nyumba wangu anawasha joto kwa roho ngumu.

Nakuandikia kwa shida ya shule. Profesa amekubali mada ya tasnifu yangu: maneno ya mapenzi ambayo Kiswidi na Kituruki vimeyaazima kutoka Kiingereza. Usicheke. Najua unacheka.

Waswidi wana neno dejt. Ni mtu kumwalika mwenzake wakanywe kahawa au wakaone filamu, wapimane. Wana neno singel, mtu asiye na mtu, na wanalitamka bila haya, kama anayetaja saizi ya kiatu chake. Halafu kuna flört. Hili limeninyima raha kwa sababu na sisi tunalo. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimekwenda kwa Mwingereza mmoja, zikachukua neno moja, zikalivika nukta mbili zile zile juu ya herufi ile ile. Huku ni kutupiana macho kwenye kituo cha basi, basi likija yamekwisha. Huko Uturuki, kwetu Kulu, wewe unajua kuliko mimi.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: watu wenye lugha zao, zenye maneno ya mapenzi tangu enzi za mababu, kwa nini waende kuazima neno la jambo la ndani kabisa? Nadhani, ingawa bado siwezi kuthibitisha, ni kwa sababu kitu cha kuazima hakimuunguzi mtu mkononi. Kikiharibika anakirudisha.

Wewe uko saluni, kati ya wasichana na vikaushio vya nywele. Nisikilizie. Wanasemaje siku hizi?

Nina rafiki hapa, Ingela, ana mwaka mzima na mwanamume mmoja. Ufunguo wa nyumba ya huyo bwana anao, mswaki wake uko kule. Nilipomuuliza ni nani wako huyu, akaniambia, "Tuko kwenye dejt tu." Mwaka mzima! Kwetu kwa mwaka mmoja mtu ameshaposwa, ameshavishwa pete, ameshagombana na mama mkwe.

Wako,
Hicran


Kulu, 23 Februari 1997

Mheshimiwa Profesa,

Sisi watu wa vikaushio tumeipokea barua yako kwa heshima zote. Kumbe serikali ya Uswidi inakulisha ili uchunguze wasichana wa Kulu wanasema nini wakipakwa rangi? Basi niombee na mimi ruzuku.

Juzi binti wa mwoka mikate alikaa kwenye kiti changu, akasema, "Dada Şermin, nitengeneze vizuri, leo nina mtu."

"Mtu gani?"

Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Flört wangu."

Bibi mmoja alikuwa chini ya kikaushio, tukidhani hasikii kitu. Akapaza sauti: "Enzi zetu tuliita kuvunjwa miguu, maana ndicho watakachokufanya kaka zako!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Binti hakucheka. Andika hilo kwenye tasnifu.

Na huyo Ingela wako, ana nywele nyeusi na pua ya ukoo wetu? Nauliza tu.

Sasa nisikilize, maana hapa mzaha umekwisha. Kuna mtu. Anaitwa Vedat, anafundisha jiografia sekondari, katokea mji wa Sivas, anaishi na mama yake nyuma ya tanuri la mikate. Neno la kumwita sina. Flört siwezi kulitamka, linanuka dawa ya nywele. Tunasalimiana kwenye foleni ya mkate, basi. Lakini siku moja alinipisha mbele yake, akaniuliza polepole, "Nikimleta mama yangu kwenu, mlango utafunguliwa?" Akasubiri. Watu walikuwa wanamsukuma nyuma, yeye anasubiri. Nikasema ndiyo.

Tangu baba afariki, mwenye kauli juu yangu ni Baba Mkubwa, yaani baba yako. Anakuja Agosti na gari lenu, kama kila mwaka. Na mama ameanza kumtaja Orhan kwenye simu. Orhan, Hicran! Mdogo wako. Nimemfuta kamasi kwa sketi yangu.

Zungumza na baba yako kabla hajafunga mizigo. Wewe ndiye aliyesoma, wewe unasikilizwa. Mimi siwezi. Msichana akimtaja mwanamume kwa mdomo wake mwenyewe, ameshapatikana na hatia. Na Baba Mkubwa akishatoa ahadi mbele za watu hairudishi, hata ikimuuma. Mwambie mapema tu, angali hajaahidi.

Nakutegemea.
Şermin


Uppsala, 16 Machi 1997

Şermin mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, ndani ya treni, kwenye foleni, maktabani. Nina furaha kwa ajili yako, na nina hofu. Nitazungumza na baba. Usiwe na shaka.

Natafuta tu namna ya kulianza. Nikisema "anampenda mtu," baba atainuka mezani kabla sijamaliza sentensi, unamjua. Nikisema "wanajuana," atauliza wanajuana vipi. Nikisema "kuna mtu anataka kuja kuposa," atauliza nani alimpa moyo wa kuja. Kila neno letu limeshika fimbo. Nimekaa na jambo hili mpaka limegeuka kuwa sura ya pili ya tasnifu, na Profesa anasema ndiyo sura bora.

Fittja, nyumbani kwa wazazi, naenda mara chache. Nikiwa kule, mama ananitazama kama anayesoma maandishi madogo.

Ingela anasema bwana wake amepewa kazi Gothenburg. Hajui kama ataambiwa twende au kwaheri. Hana jina la kumdai nalo.

Nipe muda kidogo.
Hicran


Kulu, 24 Aprili 1997

Hicran,

Nilikuomba ufungue mdomo, umeniletea muhadhara.

Sikukuu ya kuchinja imepita. Baba Mkubwa alipiga simu siku ya pili, akaongea na mama mlango umefungwa. Mama alipotoka alikuwa anatabasamu peke yake. Kesho yake akatoa magodoro ya sufu ya harusi yaliyokaa kabatini tangu nizaliwe, akayaanika kwenye ukuta mzima. Majirani wanapita, wanaangalia magodoro, wananiangalia mimi.

Nikamuuliza, "Mama, mbona unaanika?"

"Nondo," anasema.

"Nondo wanatoka Uswidi?"

Akanirushia kiatu.

Unakumbuka habari ya Bibi yetu na mtoto wa mwenye kinu cha unga? Walipokuja kumposa, yeye akapelekwa jikoni kupika kahawa kama kawaida. Kahawa ya mposaji akaitia chumvi ya ziwa letu, chumvi ya kukoboa ulimi. Jamaa alionja, akaweka kikombe chini, akachukua kofia, akaaga. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeaibishwa. Sukari ni ndiyo, chumvi ni hapana, na binti hakusema kitu. Bibi alikuwa akisema hiyo ndiyo kauli pekee aliyopewa mwanamke wa Kulu, basi aipike vizuri.

Sitaki kufika jikoni. Nataka Baba Mkubwa ajue kabla. Mei, Hicran. Usipite Mei.

Şermin


Uppsala, 11 Mei 1997

Şermin mpendwa,

Nimezungumza na baba.

Leo asubuhi Fittja, wakati wa kifungua kinywa. Wote tulikuwapo, mama na Orhan pia. Nilimwambia juu yako. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Akaendelea kula.

Pumua sasa.

Hicran


Uppsala, 11 Mei 1997

Rasmus,

Uliniuliza jana kwenye simu mbona niko mbali. Nitakuandikia, maana nikikuona uso nitacheka na kusema si kitu.

Leo nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia baba yangu, la binamu yangu, na maisha yake yote yamelalia hapo. Nilikuwa nimelipanga kwa lugha yetu. Nilipofungua mdomo nikaogopa. Nilijua nikisema neno la kwetu, ataniuliza, na wewe je, mambo haya umeyajulia wapi? Na mimi nina ufunguo wako mfukoni. Basi nikalisema kwa Kiswidi, nikiwa nimempa mgongo, namimina chai: Şermin yuko kwenye dejt na mwalimu mmoja. Nikalipitisha haraka, kama habari ya hali ya hewa. Baba miaka yake ishirini ya Kiswidi ni ya kiwandani. Anajua kuliko mtu yeyote majina ya sehemu za mashine. Akaitikia kwa kichwa, akaomba zeituni. Orhan alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio.

Nimemwandikia Şermin kwamba nimesema. Nimesema, sivyo?

Sasa na mimi nakuuliza jambo. Unahamia Gothenburg Juni. Kwa baba yangu wewe huna jina, na kwangu jina lako ni la kuazima. Mimi ni nani wako? Niandikie neno lolote, liwe la Kiswidi cha babu yako.

H.


Gothenburg, 2 Juni 1997
(kadi ya posta, picha ya bandari)

Hej Hicran! Nyumba ni ndogo, lakini kuna balkoni. Nimeifikiria barua yako. Kwa nini lazima tujipe jina? Tumekuwa na wakati mzuri sana, na sitaki tuuharibu kwa maneno makubwa. Ufunguo unaweza kumwachia jirani wa chini. Bahati njema na tasnifu, itakuwa nzuri mno!
Rasmus


Kulu, 15 Juni 1997

Hicran, Hicran, Hicran wangu!

Mungu akupe kila unachotaka, hata huyo Ingela umpe salamu zangu na umwambie namwombea bwana mwenye ulimi. Niliposoma "akaitikia kwa kichwa" nilikaa chini pale pale posta. Karani akaniuliza, "Dada, msiba?" Nikamwambia, "Harusi!" Halafu nikakumbuka ni Kulu, nikakimbia.

Sasa naelewa kwa nini mama bado anaanika magodoro. Baba Mkubwa amemwambia, naye anajifanya hajui ili anishtukize. Juzi nilimsikia anamwambia jirani, "Mposaji ni mtu wa heshima." Basi na mimi najifanya sijui. Tunapishana jikoni kama wezi wawili waliovizia nyumba moja.

Vedat ameshamwambia mama yake. Watakuja Jumapili ya kwanza mkishafika, tarehe 3 Agosti, ili Baba Mkubwa awe ameshapumzika na safari. Mama yake ameshonesha gauni. Yeye ameazima tai. Nilimwambia kwenye foleni ya mkate, "Tunawangojea," na Hicran, uso wake! Mtu mzima anafundisha mito ya dunia, akasahau mkate juu ya kaunta.

Kahawa yake nitaitia sukari mpaka kijiko kisimame.

Uje na wewe. Nataka uwe pembeni yangu jikoni.

Şermin wako


Uppsala, 13 Julai 1997

Şermin mpendwa,

Sitaweza kuja Agosti. Tasnifu inatakiwa Septemba mwanzoni, na Profesa ananibana. Baba, mama na Orhan wanaondoka wiki ijayo.

Nimefikiri jambo. Labda Vedat asije Jumapili ile ya kwanza. Labda asubiri kidogo, mpaka wewe mwenyewe uzungumze na mama yako, mhakikishe. Baba akiwa amechoka hasikii vizuri. Ni wazo tu.

Huku jua halitui mpaka saa nne usiku. Linanichosha macho.

Hicran


Kulu, 5 Agosti 1997

Dada Hicran,

Kaa kitako. Ni mimi, mdogo wako Orhan, na kuanzia juzi mimi ni mchumba wa mtu!

Najua ulikuwa unanicheka kwamba nitazeeka nabadilisha matairi ya watu na hakuna msichana atakayeniangalia. Haya sasa. Baba alisema njiani, tukiwa Bulgaria, "Tunakwenda kumchukua Şermin, binti wa marehemu ndugu yangu asiende kwa wageni." Dada, nikaomba tusimame, nikashuka nikalizunguka gari mara mbili. Nilimpenda tangu nina miaka kumi, akinifuta kamasi. Sikuwahi kumwambia mtu. Uswidi ningemwalikaje? Ningesema, twende dejt? Kwa binti wa Baba Mdogo? Nashukuru kwetu kuna wazee wa kutusemea.

Jumapili alasiri tulikaa sebuleni wote. Baba akakohoa, akasema, "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, namwomba Şermin kwa ajili ya mwanangu Orhan." Mama Mdogo akalia. Şermin alikuwa jikoni, mlango wazi, nikasikia kijiko kimeanguka.

Akakaa huko muda. Halafu akaleta kahawa. Akanipa changu. Nikaonja. Dada! Chumvi! Chumvi ya ziwa zima! Lakini mimi si mjinga. Nimeuona mkanda wa video wa harusi ya rafiki yangu Selçuk kule Fittja, walivyocheka. Bi harusi anamtilia mchumba chumvi amjaribu, akinywa bila kukunja uso, huyo ni mume wa kuvumilia. Basi nikamtazama machoni, nikanywa. Nikanywa mpaka mashapo. Machozi yananitoka, mimi natabasamu. Nikaweka kikombe, nikamshukuru kama anavyoshukuriwa mpishi, "Mikono yako isiumie." Mama akapiga kelele, "Kaitia chumvi, kaitia chumvi!" Wote wakapiga makofi. Baba alicheka, yeye ambaye hacheki.

Şermin alinitazama kama mtu anayemwona anayezama akimpungia mkono. Haya hizo, Dada, wasichana wa Kulu.

Kisha ikatokea kioja. Kengele ya mlango. Mwanamume mmoja amevaa tai, na mama yake, wana maua na boksi la chokoleti. Baba akatoka mwenyewe. Akawaambia kwa upole, "Karibuni siku nyingine, ndugu zangu, leo tuna shughuli ya ukoo, binti yetu amechumbiwa."

Yule mama akasema, "Tuliambiwa tunangojewa."

"Na nani?"

Yule jamaa akamtazama Baba, akavitazama viatu vyetu vyote vilivyopangwa mlangoni, akamshika mama yake mkono wakaondoka. Boksi akaliacha juu ya ukuta. Walikosea nyumba, nadhani. Nilimhurumia. Chokoleti ilikuwa nzuri sana.

Utakuja harusini, sivyo? Ni Oktoba.

Mdogo wako mwenye furaha,
Orhan


Kulu, 20 Agosti 1997

Hicran,

Jana nilimmiminia Baba Mkubwa maji ya kunawa. Nikamuuliza, "Baba Mkubwa, mwezi wa tano Hicran hakukuambia kitu juu yangu?"

Akafikiri. Yule mzee hasemi uongo, alifikiri kweli. "Alisema kitu cha Kiswidi," akanijibu. "Sikulishika lile neno. Nilidhani umepata kazi."

Vedat ameomba uhamisho. Kwenye foleni alisimama nyuma yangu, akanunua mkate wake, akaondoka. Mama yake amelirudisha gauni kwa fundi. Hakuna aliyenilaumu, na hakuna aliyenitukana. Kahawa nilipika mwenyewe, Orhan akanywa mwenyewe, watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema hapana kwa sauti, nikaona mama analia kwa furaha, mara ya kwanza tangu tumzike baba, na meno yangu yakakataa kufunguka.

Ulisema neno gani?

Nijibu hilo tu. Usiniletee sura ya tatu.

Şermin


Uppsala, 7 Septemba 1997

Şermin,

Dejt. Nilisema dejt.

Jana nilikwenda Fittja. Baba alikuwa kwenye balkoni anatia pilipili kwenye mitungi ya siki. Nikamwambia kwa lugha yetu, neno moja moja, kila moja lile lenye fimbo. Kwamba ulimpenda mtu. Kwamba yule mwenye tai hakukosea nyumba.

Hakuinuka. Hilo ndilo linaloniua. Miezi yote ile niliogopa atainuka, na hakuinuka. Aliendelea kushika pilipili mkononi.

"Lini hayo?"

"Tangu majira ya baridi. Nilikuambia mwezi wa tano."

"Uliniambia nini?"

Nikalitaja.

"Hilo ni la Kiswidi?"

"La Kiingereza, baba. Waswidi wameliazima."

"Kwa hiyo," akasema, "ulichukua jambo la binti wa marehemu ndugu yangu, ukaniletea kwa Kiingereza." Akafunga mtungi. "Ungeniambia kwa lugha ya mama yako. Ningegomba siku mbili, ya tatu ningempigia simu huyo mwalimu."

Nikamsihi avunje uchumba. Nikamshika mkono.

"Sasa? Kahawa imenyweka, watu wamepiga makofi. Nimuue Orhan? Mtoto anaimba akibadilisha matairi." Halafu akanitazama, mara ya kwanza siku ile. "Na wewe, neno hilo umelijulia wapi?"

Nikasema, "Shuleni, baba."

Tasnifu nimeikabidhi. Profesa anasema sura ya pili ichapishwe. Ingela sasa ni singel. Nimeliandika neno hilo kurasa arobaini na sikuwahi kujua lina baridi hivi.

Sijui nikuombe nini. Nikikuomba radhi nitakuwa nakudai tena kitu.

Hicran


Fittja, 19 Aprili 1998

Hicran,

Nimefika tangu mwisho wa Februari. Tuko jengo moja na Baba Mkubwa, sisi ghorofa ya tano, yeye ya pili. Kutoka kwako ni safari ya treni mbili, na bado nakuandikia barua, kama niko Kulu. Harusini hukuja. Hapa hujaja. Baba Mkubwa hakutaji, lakini kila akila zeituni huwa ananyamaza.

Orhan ni mwema. Ungekuwa rahisi mzigo huu kama angekuwa mbaya. Ananipasulia machungwa. Amebandika majina ya Kiswidi kwenye kila kitu nyumbani ili nijifunze: mlango, dirisha, chumvi. Na kila mgeni akija anasimuliwa kahawa ile. Kila mara anaisimulia vizuri zaidi, sasa kuna mahali anaigiza machozi. Wageni wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Mimi nakuwa jikoni napika kahawa ya sukari. Siwezi kumwambia. Nikimwambia, nitamnywesha kikombe kile mara ya pili, na safari hii ataijua ladha yake.

Vedat yuko Sivas. Zaidi ya hapo sijui, na nimeacha kuuliza.

Asubuhi nakwenda darasa la Kiswidi la wageni. Wiki hii tumefika kwenye somo lenye neno lako. Mwalimu, mama mmoja mchangamfu mwenye miwani nyekundu, aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akauliza nani analijua. Nikanyoosha mkono. Akafurahi sana. "Şermin! Umelisikia wapi?"

"Kwa ndugu yangu," nikasema. "Ni mtaalamu."

Akatupanga wawili wawili tuigize mazungumzo ya kwenye kitabu. Mimi nikapewa Mzee Hamdija, Mbosnia, mkewe alibaki vitani. Yule mzee alisimama, akavuta koti lake likae sawa, akaniuliza kwa Kiswidi chake kibovu kama changu kama ningependa kwenda naye dejt, kuona filamu, Jumamosi. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri. Tangu siku ile kwenye foleni ya mkate, Hicran, hakuna mtu aliyeniuliza kitu akasubiri jibu.

Nikasoma jibu la kwenye kitabu: ndiyo, kwa furaha.

"Vizuri sana!" akasema mwalimu. "Sasa tugeuze. Mzee Hamdija anauliza tena, na Şermin anakataa. Kwa upole, kama tulivyojifunza."

Yule mzee akauliza tena.

Nikasema hapana. Likatoka. Ni neno fupi hapa, silabi moja, halihitaji jiko wala kikombe. Nikalisema tena. Mzee Hamdija akaweka mkono kifuani, kama anayesema amesikia. Nikalisema tena, na tena, sikuwa namtazama yeye wala kitabu, na sikuweza kuacha, mpaka mwalimu akaja akanishika bega, akaniambia polepole, "Inatosha, Şermin. Inatosha. Umeshajua kulisema."

Şermin